Choki Nusu

Saa tatu asubuhi, Essen, mvua ya Aprili
nyembamba kama uzi wa cherehani,
nami kwenye foleni na orodha
niliyoiandika nyuma ya risiti ya mkate:
gasketi ya kabureta,
kifuniko cha taa ya nyuma, kushoto,
mkono wa kushushia kioo, wa chuma, si wa plastiki.
Detlef hucheka. Kila mwaka orodha ileile,
kila mwaka narudi na kisichokuwamo.

Ukumbi wa kwanza ni wa wenye nacho.
Magari yamelala juu ya mazulia, yamezungushiwa kamba,
bampa zimesuguliwa hata unaona ndani yake
meno yako na umri wako.
Kijana mwenye glavu nyeupe anafuta alama ya kidole
ambayo hakuna aliyeiweka.
Nikainama, nikachungulia chini ya injini:
hata tone.
Gari lisilovuja, aliniambia msimamizi wa karakana ya tramu
nilipokuwa na miaka kumi na sita,
ama halina mafuta, ama halina maisha.
Nikanusa. Nta. Ngozi mpya. Kahawa ya bei mbaya.

Ukumbi wa sita ndio wangu.
Masanduku ya ndizi yamejaa spana,
saa za mwendo zilizonyofolewa, macho yamekodoka,
vitabu vya mwongozo vyenye madoa ya vidole vya watu
waliokwishaenda zao.
Tunachakura. Hatusemi sana.
Mholanzi mmoja anaokota nati, anaipima kwa ukucha,
anairudisha kwa heshima.
Nilipata gasketi. Nilipata kifuniko, lakini cha kulia.
Nikakinunua. Usiniulize.

Nje, safu ya mwisho, karibu na vyoo vya kukodi,
Kadett ya kijivu, ya mwaka sitini na tatu,
na kando yake, juu ya kiti cha kukunja, Bibi Irmtraud Kossek,
chupa ya chai katikati ya magoti,
na kipande cha boksi: LINAUZWA.
Bei hakuna.
"Liwashe kwanza," humwambia kila anayeuliza.

Wa kwanza, mwenye koti la ngozi,
alikanyaga, akakanyaga, akalifurisha.
Harufu ya petroli ikatanda,
nami, Mungu anisamehe, nikavuta pumzi.
Wa pili alitafuta kitufe.
"Haya, wewe," akasema, "mwenye kifuniko cha taa. Limeshapoa."

Nikaketi. Kiti kilikuwa na bonde la mtu mwingine,
mzito kunizidi, mwenye kuegemea kushoto.
Ufunguo sikuugusa.
Nikavuta choki yote, nikairudisha nusu.
Nikakanyaga mara mbili, taratibu,
kama abishaye hodi nyumba yenye mtoto aliyelala.
Nikangoja.
"Wangoja nini?"
"Lizinduke."

Likakohoa. Likakohoa tena, likatema moshi wa bluu,
kisha likashika,
valvu zikigonga tak-tak-tak bila aibu.
Bibi Kossek akaweka kiganja juu ya boneti
kama apimaye homa.
"Heribert naye alikuwa akingoja hivyohivyo.
Miaka ishirini na saba kiwandani Bochum, akifunga milango.
Mlango wa hili tu ndio aliufunga
akijua nani ataufungua."

Nilikuwa na euro elfu nne kwenye bahasha, fedha za paa la nyumba.
Nikaingiza mkono kotini.
Naye akaokota kile kipande cha boksi,
akakikunja mara moja, mara mbili,
akakikalia.
"Mwaka ujao," akasema, "njoo uliwashe tena."

Kwenye treni Detlef aliniuliza nimepata nini.
Gasketi, nikasema. Na kifuniko cha kulia.
Ni hapo tu, tukipita Wattenscheid, nilipokumbuka:
kioo cha upande wa dereva hakikuwa na mkono.
Mahali pake palifungwa spana kwa waya.

Basi nitatafuta miwili.